Chumba cha Mama Élise Venisi

Mama Élise aliingia ofisini kwa Jaffari Jumatatu moja ya mwezi wa tano, akavuta kiti bila kungoja kukaribishwa, akatoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imeandikwa tarehe moja tu, kumi na saba mwezi wa saba, na chini yake jina la chuo. Siku hiyo, alisema, binti yake Ariane anahitimu huko Venisi, Italia, baada ya miaka minne ya kusomea usanifu wa majengo. Anataka chumba cha siku tano.

Kazi ya namna hiyo haikuwa ya kawaida kwa Jaffari. Ofisi yao, ghorofa ya sita ya jengo la biashara pale barabara ya Huanshi Zhonglu mjini Guangzhou, China, iliuza tiketi za Lubumbashi, Nairobi na Dar es Salaam kwa watu waliokwenda kulala majumbani kwao. Mwenyewe alitoka Korogwe kuja Guangzhou kusomea usafirishaji, akamaliza, akaajiriwa na mama mmoja wa Kichina ambaye wote walimwita laoban, yaani bosi. Alipendwa na wateja kwa kuwa hakuwa mtu wa kukataa. Ukimwomba jambo, alikwambia umpe siku mbili.

Mama Élise alikuwa mjane kutoka Likasi, Kongo. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akinunua suruali za jinzi kwenye maduka ya jumla ya Zhanqian Road na kuzipakia kwenye kontena kwenda nyumbani, na ni jinzi hizo zilizompeleka Ariane Italia.

Jaffari alifungua kompyuta, akaandika tarehe, na bei ya kwanza ilipotokea akageuza kidogo kioo cha kompyuta ili mgeni wake asiione. Mama Élise alikuwa ameshaiona. Usiku mmoja, katika chumba chenye dirisha linalotazama ukuta, uligharimu nusu ya kodi anayolipa kwa mwezi mtaani kwake Xiaobei. Jaffari akamweleza kadiri alivyoelewa yeye: mji wenyewe umejengwa juu ya maji tangu kale, hauna mahali pa kuongeza nyumba, na kila mwenye uwezo duniani anataka kwenda kulala humo mwezi wa saba. Lakini ng'ambo ya daraja, upande wa bara, kuna mji unaitwa Mestre. Treni ni dakika kumi, na bei zake ni nusu.

"Mestre haiko Venise," alisema Mama Élise.

Jaffari akamwambia watu wengi hufanya hivyo, hata Wazungu wenyewe.

"Mwanangu, miaka kumi na mmoja nalala na marobota ya nguo chini ya kitanda. Siku hizi tano nataka mtoto akitoka pale na rafiki zake awaambie, Mama analala nyumba ile, twende mumsalimie. Asiwaambie tupande treni."

Jaffari akamwomba wiki moja. Mama Élise akamkumbusha kwamba bila chumba kilichoandikwa jina lake hata ombi la viza halipokelewi, akamwachia namba ya simu ya Ariane endapo atahitaji kuuliza lolote, akaenda zake.

Wiki hiyo Jaffari aliujua mji asiowahi kuuona. Alijua kwamba neno "karibu" kwenye matangazo ya vyumba linaweza kuwa safari ya nusu saa kwa boti, na kwamba bei ya chini ikishaongezwa ya usafi na kodi ya jiji inakuwa si ya chini tena. Hoteli moja aliyoifurahia kwa robo saa nzima ikawa ni hema lenye vitanda. Picha ya chumba kimoja chenye pazia jekundu aliikuta kwenye nyumba tatu tofauti. Akaziacha tovuti, akaanza kuandikia nyumba ndogo moja moja kwa Kiitaliano cha kutafsiriwa na simu. Wengi hawakujibu.

Jumatatu iliyofuata walimjibu watawa. Walikuwa na nyumba ndani ya mji wenyewe, na vyumba vichache wanavyopangisha wageni: kitanda cha mtu mmoja, msalaba ukutani, bafu la kushirikiana, geti linafungwa saa nne usiku. Bei ilikuwa theluthi ya zile alizozoea kuziona. Wangemshikia chumba siku tatu bila malipo. Jaffari aliisoma barua ile mara mbili, akamwita laoban naye aisome, ingawa hakujua Kiitaliano wala Mama Élise ni yupi kati ya wateja wake.

Kabla ya kumpigia mama mtu, alitaka kujua jambo moja. Alikuwa amesoma kwamba mji ule una madaraja mengi ya ngazi, na Mama Élise alikuwa na goti bovu. Akampigia Ariane ili amuulize njia. Guangzhou ilikuwa saa kumi alasiri, kule saa nne asubuhi. Msichana alipokea haraka, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na mashine ikivuma, kisha ikazimwa.

Jaffari alijitambulisha, akaeleza kazi aliyopewa. Ariane akamuuliza ni hoteli zipi ameshaziangalia. Akamtajia. Alizijua zote. Ile lifti yake imekufa tangu mwaka jana. Hii vitanda vina kunguni, wanabadilisha shuka tu. Ile yenye baraza juu ya mfereji ni nzuri kweli, hasa ghorofa ya tatu, lakini mlango wa wafanyakazi upo kwenye mapipa ya taka. Jaffari akacheka, akamwambia angeiweza kazi yake kuliko yeye.

Ariane hakucheka. Akasema, "Kaka, ni miye nasafisha vile vyumba."

Mengine aliyatoa polepole, kwa sauti ya mtu anayechunga asisikike chumba cha pili. Alifeli mitihani ya mwaka wa pili, akairudia, akafeli tena, chuo kikamwondoa. Hakujua aanzie wapi kumwambia mama yake. Ada iliendelea kuja, na yeye akaendelea kuipokea na kulipia pango. Mwaka mmoja na nusu sasa anafagia na kutandika mahotelini, na anaishi Mestre na wasichana wengine watatu. Hakuna mahafali tarehe kumi na saba, wala tarehe nyingine yoyote. Mama alikuwa akiuliza kila Jumapili atahitimu lini, mpaka siku moja Ariane akamtajia tarehe ya katikati ya msimu wa wageni, akiamini bei zitamkatisha tamaa.

"Mwambie vyumba vimejaa," alisema. "Weye anakuamini."

Jaffari akasema hawezi kufanya hivyo. Ariane akamsihi. Ampe mpaka mwisho wa mwezi tu, atamwambia mwenyewe, ila asije akayasikia akiwa na begi mkononi kituo cha treni. Hilo la begi lilimwingia Jaffari. Akamwona Mama Élise amesimama mahali ambapo hamjui mtu. Akasema sawa.

Kesho yake Mama Élise alikuja akiwa amevaa vizuri, kama mtu anayekwenda kupokea habari njema. Jaffari alimwambia mji umejaa. Amejaribu kila mahali, hata kwa watawa. Alisema hivyo akitazama kibodi. Mama Élise akauliza kama hawezi kulala chini kwenye chumba cha Ariane bwenini. Jaffari akajibu kwamba chuo hakiruhusu. Mama Élise akakaa kidogo akisugua goti lake.

"Bon," akasema. "Basi hata Mestre."

Jaffari hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alisikia sauti yake ikisema kwamba Mestre nako kumejaa, kuna sikukuu kubwa. Wiki moja kabla alimtajia mwenyewe Mestre na bei zake za nusu. Kama Mama Élise alikumbuka, hakuonyesha. Alimshukuru kwa kazi ya wiki nzima, akamwambia si kosa lake, Mungu hakupenda. Kisha akajiinua kwa kushika ukingo wa meza, akatoka.

Siku tatu za watawa zikapita. Waliandika mara moja kuuliza, na Jaffari hakujibu. Ijumaa alikwenda msikitini, akatoka bila kukumbuka imamu alihutubia nini. Alipomwona Mama Élise kwa mbali pale Xiaobei, akipatana bei na wakala wa mizigo, alivuka barabara kumkwepa. Alimwandikia Ariane mara mbili kumkumbusha ahadi yake. Mara zote mbili alijibiwa neno moja, kesho.

Jumatatu Mama Élise akarudi. Hakukaa. Aliweka bahasha mezani, akasema ni zile fedha za safari, na kwamba amefikiri sana usiku wa kuamkia Jumapili. Ikiwa yeye hawezi kwenda, basi Jaffari amtafutie Ariane chumba, usiku mmoja, ule wa tarehe kumi na saba. Na si chumba cha bei nafuu. Anataka kile kilichomfanya Jaffari ageuze kioo. Chumba cha mtu mmoja kwa usiku mmoja hakiwezi kukosekana.

"Alale pale kama mtu aliyemaliza," alisema. "Asubuhi wamletee chai. Wamwambie ni mama yake."

Akaomba aonyeshwe picha. Jaffari alizifungua. Mama Élise alizitazama moja moja bila haraka, akaweka kidole kwenye ile yenye baraza juu ya mfereji.

Jaffari akamwambia atalishughulikia. Alipohakikisha ameondoka, alikwenda kusimama kwenye ngazi za dharura, mahali ambapo wavuta sigara huacha makopo yao, akampigia Ariane. Alimweleza neno kwa neno. Alimtajia hadi jina la hoteli.

"Mwambie asilipe," Ariane alisema.

"Hapana. Mimi nimeshamwambia ya kutosha. Leo utamwambia wewe."

"Nitamwambia mwisho wa mwezi."

"Leo, Ariane. Usipompigia wewe, kesho asubuhi nakwenda chumbani kwake mimi."

Akakata. Akarudi mezani, akaifungia bahasha drooni.

Jioni ile Ariane alimwandikia kwamba amesema. Hakuongeza kitu. Siku nne zilipita, na bahasha ilikaa kwenye droo ya Jaffari bila kufunguliwa. Alisikia kwa watu kwamba Mama Élise hakuonekana Zhanqian Road siku zote hizo, na kwamba amewaambia wenzake wa kanisani ana homa.

Ijumaa alikuja. Safari hii alikaa. Uso wake ulikuwa umevimba chini ya macho, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Ulijua kwa siku ngapi?"

"Wiki moja kabla hajakwambia, Mama."

"Siku ile nilikubali Mestre, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Mama Élise akatikisa kichwa polepole. Akasema Ariane amemweleza kila kitu, na amelia, na yeye amemsikiliza mpaka mwisho. Hakusema amemjibu nini.

"Yule ni mtoto," alisema. "Anaogopa mama yake. Weye ulikuwa unaogopa nini?"

Jaffari alifikiria begi na kituo cha treni, na huruma aliyoiona siku ile kuwa kubwa, lakini akiwa ametazamwa namna ile hakuweza kuitaja. Akasema, "Nisamehe, Mama." Mama Élise aliomba amtafutie chumba Mestre, chenye vitanda viwili, siku nne, wakati wowote viza itakapotoka. Jaffari alipata ndani ya dakika kumi, hoteli safi karibu na kituo, kifungua kinywa ndani yake. Wepesi wa jambo lile ulimchoma. Alitaka kumsamehe ada ya ofisi. Mama Élise akamwambia aandike yote, na fedha azitoe kwenye bahasha ile ile.

Alisafiri mwezi wa nane. Habari za huko Jaffari alizipata kwa Ariane, katika ujumbe mrefu ambao hakuutegemea. Siku mbili za kwanza mama yake hakugusa habari ya shule kabisa. Alikula, akalala, akauliza bei ya nyanya. Siku ya tatu alitaka kuona kazi. Waliingia mjini kwa treni, wakapanda na kushuka madaraja kwa goti lile, hadi mbele ya hoteli yenye baraza. Mama akainua kichwa, akauliza anasafisha madirisha yapi, na kwa siku anatandika vyumba vingapi. Ariane akamwambia kumi na vinne. Mama akakaa kwenye ngazi ya daraja, watu wakipita na mabegi pande zote, akalia kidogo, akajifuta, akauliza kama chuo kile mtu aliyeondolewa anaweza kurudi. Ariane hakujua. Alikuwa hajawahi kuuliza.

Bado hawajauliza. Sasa wanaongea Jumapili, Ariane aliandika, lakini kwa ufupi, na wakati mwingine mama yake anakaa kimya kwenye simu mpaka muda wa maongezi unaisha.

Tangu mwezi wa tisa Mama Élise hukata tiketi zake kwenye ofisi nyingine, ghorofa ya tano ya jengo lile lile. Akikutana na Jaffari kwenye lifti humsalimia kwa heshima zote, humuuliza habari za mama yake Korogwe, na hungoja ajibiwe. Kisha milango ikifunguka ghorofa ya chini, hutoka na mzigo wake, na Jaffari, ambaye zamani alikuwa akimpokea mzigo ule hadi barabarani, hubaki ameshika kitufe cha mlango usimfungie njia.