Gauni la Kijani Nyuma ya Mlango

Mtaani waliwaita Ghala na Stoo, na wenyewe waliyapokea majina hayo kama watu wanavyopokea cheo. Ghala alikuwa fundi cherehani, Stoo alikuwa msusi. Vibanda vyao vilitenganishwa na ukuta mmoja wa mbao, mwembamba kiasi kwamba Msusi akianza kusimulia habari upande wake, Fundi aliimalizia upande wa pili bila kuondoa mguu kwenye cherehani. Walikuwa marafiki tangu wakiwa wasichana wembamba, jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka wala kuliamini. Wakikaa wote wawili kwenye benchi la mbele, mtu wa tatu alisalimia akiwa amesimama.

Unene wao ulikuwa kama duka la ubia. Waliuendesha pamoja, wakautania wenyewe kabla watu hawajauanza. Mke wa mwenye bucha alipokonda ghafla, na ikajulikana kuwa anachoma sindano za kupunguza mwili, walimchambua kama mchele. Msusi alisema yule mama siku hizi akitembea mifupa inapiga hodi. Fundi, ili asipitwe, akasema ngozi imebaki, mwenyewe kahama. Walicheka mpaka bobini ya uzi ikadondoka.

Ndiyo maana daktari alipomwambia Fundi kuwa sukari na presha vimeshikana mikono, na magoti yake hayana tena wa kuyatetea, kisha akamwandikia sindano zilezile, alitoka pale kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani chini ya kanga. Alijiambia atamweleza Msusi kesho. Kesho ilikuja na wateja wake, ikaondoka nao.

Sindano ilikuwa ya kila Ijumaa, tumboni. Mwanamke aliyeshinda na sindano maisha yake yote, akijichoma kidole na kukilamba na kuendelea na kazi, alitetemeka mbele ya kile kikalamu cha kuchomea dawa. Mumewe hakuwa wa msaada. Alikuwa dereva mstaafu, ameshusha lori milimani breki zikinuka moshi, lakini kwenye sindano alishika kipamba na kugeuzia uso ukutani mpaka aambiwe tayari. Dawa yenyewe ilikaa kwenye friji ndani ya kopo la vifungo, mgeni asije akaiona. Mzee alimwambia: mwambie mwenzako. Akarudia siku nyingine. Fundi akamjibu kuwa mambo ya wanawake yana mpangilio wake, naye aendelee kutazama ukuta.

Mwili ukaanza kupungua. Chakula alichokuwa akikipenda alikitazama kama shemeji aliyekuja kukaa. Akabana magauni yake kidogokidogo, sentimita hapa, sentimita pale, watu wasishtuke. Kisha daktari akamwambia kuwa akiondoa mafuta bila kufanya kazi ya nguvu, na misuli nayo itaondoka, abaki kama mto uliotolewa pamba. Aanze kunyanyua vyuma.

Fundi akaona hapo ndipo pa kujificha. Watu wakiuliza, atasema ni jimu.

Jimu lilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, linanuka mpira, jasho na tapentaini. Kuta zote vioo. Siku ya kwanza Fundi alijiona mgongoni kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akataka kumpisha. Alivaa suruali aliyojishonea kwa mabaki ya kitambaa cha bitana, na alipoinama kufunga viatu ilitoa mlio, kila mtu akageuka. Fundi stadi, na suruali yake inapasukia mbele za watu. Alijifunga sweta kiunoni, akasema ameacha nafasi ya hewa.

Mwalimu wa pale waliyemwita Kocha alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega kama kabati. Fundi alimnong'oneza habari ya sindano, akitegemea mshangao. Kocha hakushangaa hata kidogo. Alimwambia wapo wengi, na wote hunong'ona hivyohivyo. Akamwonya asije na tumbo tupu hata kama chakula hakipandi, ale japo yai, aende polepole. Zoezi la kwanza likawa kukaa kwenye kiti na kusimama, kukaa na kusimama. Fundi akauliza kama ni hilo tu, maana hilo amelifanya miaka yote bila kujua ni michezo. Kabla hajamaliza mzunguko wa pili, mapaja yalimtetemeka kama cherehani iliyolegea mkanda, na utani ukamwishia.

Lakini alirudi. Akajifunza kushika chuma bila kukikumbatia, kupumua nje wakati wa kunyanyua, kutoshuka kwenye mashine ya kukimbilia ikiwa bado inatembea, hilo la mwisho akilijua kwa makalio. Akaanza kulala vizuri. Siku moja alibeba jora zima la kitambaa mwenyewe hadi mezani, akasimama akilitazama kama limebebwa na mtu mwingine.

Aliyeona yote hayo, kupitia ukuta wa mbao, ni Msusi.

"Shoga," alimwambia asubuhi moja, chanuo likiwa bado mdomoni, "hicho kinachokukondesha, mbona unakila peke yako?"

Fundi akasema ni jimu. Msusi akasema basi twende wote, binti yake anaolewa mwisho wa mwaka na hataki kwenye picha aonekane kama yeye ndiye ukumbi.

Walipanda ngazi za jimu pamoja, Msusi akisimama kila baada ya hatua chache kushika ukuta. Katikati ya ngazi Fundi alifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari, amekwisha kuyakata na kuyapima, bado kuyashona tu. Msusi akamtangulia, akihema: "Unajua ninachokupendea? Ungeweza kwenda kwenye mabomba ya sindano kama yule wa bucha. Wewe umechagua jasho."

Fundi akafunga mdomo, akamshika mkono, wakaendelea kupanda.

Msusi alifanya mazoezi kama mtu anayedai haki yake. Aliyaweza vizuri kuliko Fundi alivyoyaweza mwanzo, na Kocha alisema hivyo. Tatizo ni kwamba hakuwa anashindana na chuma, alikuwa anashindana na kiuno cha mwenzake. Kila Fundi alipopungua, yeye aliongeza mazoezi. Akaacha chai ya asubuhi. Akaacha chakula cha jioni. Kocha alimvuta Fundi pembeni, akamwambia bila kuzunguka kwamba huyu mwenzio anafukuza kitu ambacho hajaonyeshwa, mwambie. Fundi akasema atamwambia Ijumaa. Ijumaa akachoma sindano, mzee akatazama ukuta, basi.

Sasa, kulikuwa na gauni la kijani. Fundi alimshonea Msusi zamani kidogo, akalivaa na kulifua mpaka zipu ikagoma kupita mbavuni. Msusi alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa Fundi, akasema hilo ndilo mizani yake, mizani ya kukanyaga haina adabu. Siku zipu itakapopanda, wameshinda. Kila Jumamosi alilijaribu. Kila Jumamosi zipu ilifika palepale, ikasimama kama punda.

Jumamosi moja Msusi hakusema utani. Alilivua, akalikunja vizuri, akalitundika, akabaki ameliegemea. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo Fundi hakuwahi kuisikia tangu walipokuwa wasichana, kama yeye ana kasoro gani mwilini ambayo mwenzake hana.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Hata mtoto angeona kuwa ni hapo. Lakini Fundi, alipoona huzuni, aliifikia kwa njia aliyoizoea. Wateja wake wote aliwafanyia hivyo: mtu akinenepa kati ya kupimwa na kuchukua nguo, yeye aliachia mshono kimyakimya, mteja akavaa na kuondoka amefurahi. Aliihesabu kuwa sehemu ya huduma. Mchana huo, Msusi akiwa na kichwa cha mtu mkononi upande wa pili, Fundi alilitoa gauni msumarini, akafumua ubavu wa kulia na wa kushoto, akaachia kitambaa kilichokuwa kimekunjwa ndani, akashona upya, akapiga pasi.

Jumamosi iliyofuata zipu ilipanda mpaka juu.

Msusi hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye kiti cha wateja, akaziba uso kwa viganja, mabega yakawa yanatikisika. Kisha akainuka, akatoka nje na gauni lile mwilini, akapita mtaa mzima mpaka kwenye bucha na kurudi. Tangu siku hiyo kila aliyekalia kiti chake cha kusukia alipata mahubiri: ni mazoezi tu, jamani, msidanganywe na mabomba, mwangalieni Ghala, niangalieni na mimi. Fundi aliyasikia yote kupitia mbao. Akawa anakanyaga cherehani kwa nguvu, hata pasipo na kitambaa chini ya sindano.

Naye Msusi, kwa kuwa njia imejibu, akaikaza. Akaongeza kukimbia. Akaacha na chakula cha mchana. Siku moja, kwenye mashine ya kukimbilia, alimgeukia Fundi kusema neno, macho yakapanda juu, akaenda chini. Goti lilitangulia.

Kliniki walimtundikia maji, wakamfunga goti, wakamsema kwa kujinyima chakula. Na kabla ya kumruhusu, nesi alimsimamisha kwenye mizani. Namba ilikuwa ileile aliyopimwa palepale mwanzo wa mwaka, na kidogo juu yake. Msusi alimwomba nesi aikague mizani. Nesi akapanda mwenyewe, akashuka, akasema haina shida.

Siku ya pili yake alikuja kwa Fundi akichechemea, gauni la kijani likiwa begani. Hakukaa. Aliligeuza ndani nje, akalitandaza juu ya cherehani, akaweka kidole ubavuni. Kitambaa kilikuwa kimepauka kwa kufuliwa, ila pembeni ya mshono kulikuwa na utepe wa kijani kibichi, usiojua jua wala sabuni, na vitobo vidogovidogo vya mshono wa zamani vimepangana ukingoni mwake.

"Huu mkono naujua," alisema. "Ni wako."

Fundi akasema yote. Yalitoka bila mpangilio: gauni kwanza, kisha daktari, kisha kopo la vifungo, kisha mzee na ukuta wake, kisha mke wa mwenye bucha. Msusi alimsikiliza huku akizikunja kingo za gauni na kuzikunjua. Upande wa pili mteja aliyekuwa ameachwa nusu kichwa alikohoa, hakuna aliyemwitikia.

"Ungeniambia," Msusi alisema mwishowe, "ningekuwa nakuchoma mimi. Mumeo si mwoga, yule?"

Fundi akacheka, kwa kuwa ilikuwa ya kuchekesha, kisha akaona kuwa amecheka peke yake.

Alijaribu kusema alimwonea huruma. Msusi akasema anajua. Akasema kwamba goti litapona, njaa imekwisha kusahaulika, na angetangulia kumcheka kwa sindano kisha yangeisha, maana yeye hajawahi kumficha Fundi lolote. "Lakini siku ile nilitembea mpaka bucha," alisema. "Wewe ulikuwa mlangoni, unanitazama ninavyokwenda."

Kisha akanyanyua mikono, kama mteja yeyote. "Nipime gauni la harusi ya mwanangu. Na utaje kwa sauti."

Fundi alizungusha tepu. Kifua, akataja. Kiuno, akataja. Nyonga, akataja, na sauti ikapita kwenye mbao mpaka kwa yule mteja. Hakuvuta tepu wala hakuilegeza. Alikuwa na nguvu mikononi siku hizo, nguvu za vyuma, na hakujua azipeleke wapi.

Msusi akashusha mikono. "Asante, fundi," akasema, akarudi kwenye kichwa alichokiacha.

Katika miaka yao yote alimwita shoga, hakuwahi kumwita kwa kazi yake.

Fundi aliendelea kwenda jimu, maana daktari hakuulizwa habari za urafiki. Kocha akamwongezea chuma, naye akakinyanyua, akakiweka, akageukia kulia kusema neno la kuchekesha, akakuta kioo. Nyumbani magoti yalinyamaza. Sukari ikashuka. Upande wa pili wa mbao habari ziliendelea kusimuliwa, kwa sauti ya chini zaidi, na zilimalizwa hukohuko.

Gauni la harusi alilishona kwa mkono wake, kwa heshima zote, kwa vipimo vilevile vilivyotajwa. Lilimkaa Msusi kama lilizaliwa naye. Ukumbini alipendeza kuliko bibi harusi, ingawa haikuwa adabu kusema. Alizunguka meza zote akikaribisha watu, na alipofika kwa Fundi na mzee wake aliwapa mkono wote wawili, akawashukuru kwa kufika, akawaambia wale, wasione haya, akapita meza ya pili. Meza ya pili alikaa mke wa mwenye bucha. Huko alikaa kidogo, na walicheka.

Mzee aliitazama sahani ya mkewe, haijaguswa.

"Ni dawa," Fundi alisema.

Mzee akageuzia uso ukutani, kama afanyavyo kila Ijumaa, akasubiri aambiwe tayari.