Mkwe Aitwaye Newton

Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Wangu mimi uliponza kichwa cha mtu mwingine kabisa, mama wa watu asiye na kosa. Nilikuwa nawafundisha mafundi wanafunzi kwenye shamba moja la ngano la serikali, upande wa Gehandu, miaka ile trekta zilikuwa nyingi kuliko baiskeli. Kwetu Mbulu, shule nimesomea Arusha, na sikumruhusu mtu asahau hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa Angela, aliyeolewa na mtoto wa Mzee Gidabuday, Mdatoga ambaye malisho yake yote yalikuwa yamelimwa ngano. Mume wa Angela alishahama na ng'ombe waliobaki. Mtoto wao alikuwa na mguu uliopinda, na madaktari wa hospitali ya Haydom walisema unatibika, ila kwa safari nyingi. Angela akipata kazi ya karakana, mtoto angetibiwa. Akikosa, basi tena.

Mwanzoni mzee alikataa. Mkwe wake atafanya nini katikati ya mainjini? Nikaenda kwake mimi mwenyewe, nikakaa, nikafungua mdomo. Nikamweleza kuhusu Newton: kwamba nguvu duniani kote inapimwa kwa jina lake, kwamba nati za injini zinakazwa kwa newtonmita, kwamba kuna sheria tatu za mwendo na zote ni zake, na hata uji ukipoa kwenye bakuli, unapoa kwa sheria yenye jina lake.

"Huyo ni mzee mkubwa," akasema.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikaongeza, "Mkubwa sana, mzee. Angela akiingia karakana, Newton atakuwa baba mkwe wake wa pili. Atamtunza kama unavyomtunza wewe." Mzee akafikiri, akakubali, na mimi nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Sasa, kwa Wadatoga mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe wake wala la wazee wa nyumba ile, mpaka anaingia kaburini. Nilikuwa nimeishi nao miaka tisa na nilijua hivyo vizuri kabisa. Kuanzia siku ile Angela akawa anasema "kile kipimo" na "zile sheria", na mimi, kwa elimu yangu yote ya Arusha, nikadhani anaona aibu tu.

Siku ya mtihani akaja mtahini, Bwana Isidori, mtu mkavu. Akampa Angela spana ya kupimia nguvu akaze nati za injini ya kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano. Alizikaza vizuri sana.

"Umekaza ngapi?"

"Tisini."

"Tisini nini? Mayai?"

Angela akatupa jicho mlangoni.

"Sheria za mwendo ni za nani?"

Akainamia spana.

Bwana Isidori akaweka kalamu mfukoni. "Fundi asiyetaja kipimo ataua mtu na mashine. Naenda kunywa chai. Nikirudi asipotaja, ameshindwa."

Nikamsogelea Angela nikitaka kumkaripia. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mwalimu, si ulisema mwenyewe ni mkwe wangu? Na baba yupo hapo mlangoni, anasikia."

Nilijiona takataka. Kweli mzee alikuwa mlangoni, ameegemea fimbo yake. Nikaenda nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia nilitia chumvi, Newton si mkwe wa mtu yeyote.

"Ukwe ulishautangaza," akasema. "Haufutwi kwa sababu mtu anataka kazi." Akatema mate pembeni. "Ana watoto wangapi huyo?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari kumzalia Newton watoto saba, na wajukuu juu. Nikamwangalia Angela na ile spana mkononi, nikaumeza uongo wangu.

"Hana, mzee. Hakuoa."

"Bado hajaoa?"

"Alikufa hajaoa. Alikuwa na miaka themanini na kitu."

Mzee akanitazama kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa. "Sasa unanisumbua nini? Asiyeoa hana mwana, na asiye na mwana anapata wapi mkwe? Huyo ni kijana, hata akiwa na mvi. Jina la kijana linatajwa." Akamwambia Angela hivyo hivyo kwa Kidatoga, kwa sauti.

Bwana Isidori aliporudi, Angela akasema, "Newtonmita tisini." Kisha akataja Sheria ya Kwanza ya Newton, ya Pili ya Newton na ya Tatu ya Newton bila kuulizwa, na alikuwa anaelekea kwenye uji mtahini alipomwomba apumzike. Alifaulu. Nilifurahi mpaka nikatoka nje nijifute macho.

Mzee alikuwa bado pale. "Na wewe mwalimu, watoto wangapi?"

Nilikuwa na miaka arobaini na moja. "Sijaoa, mzee."

Akanipima kutoka viatu mpaka kofia, taratibu, kwa huruma ya kweli. "Kumbe ndiyo maana unamjua vizuri hivyo."

Wiki haikuisha karakana nzima ikawa inaniita Newton, Angela akiwa wa kwanza, na ulimi wake haukusita hata kidogo. Mwaka uliofuata yule mtoto alishuka kwenye basi la Haydom kwa miguu yake miwili, akatembea mpaka niliposimama, na badala ya shikamoo akasema, "Hujambo, Newton."

Nikamjibu sijambo.