Kaburi la Tatu Kutoka Ukutani

Malachy Geraghty alijigamba kwamba angeweza kuzunguka makaburi ya kando ya ziwa huku amefumba macho, akimwita kila marehemu kwa jina. Kwa hiyo Colm Tarpey alipofariki, na majirani wakabeba makoleo kwenda kumchimbia kaburi kama ilivyo ada ya kijiji, Malachy ndiye aliyenyoosha kidole.

"La tatu kutoka ukutani. Hapo ni kwa akina Tarpey."

"Tumuulize kwanza Attracta Hession," akasema Fintan, kijana mmoja wa wachimbaji. "Upande huu akina Hession wana watu wao."

"Attracta anajua nini? Mimi nimezika nusu ya kijiji hiki, wewe ungali unanyonya!"

Wachimbaji wakaangua kicheko. Fintan akaanza kuchimba.

Walipofika kina cha kiuno, koleo likagonga kibao kilichooza, bado kina rangi nyeupe. Kijisanduku cha kuzikia kichanga. Malachy akahisi uso unawaka mpaka masikioni. Sasa ndipo alipokumbuka: asubuhi ya mvua, miaka thelathini na minane nyuma, yeye na mume wa Attracta, hicho kijisanduku kwapani.

Wakarudisha udongo kimya, wakahamia pembeni kuchimba upya. Hakuna aliyemtania, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Attracta alikuwa jikoni kwa mjane wa Colm, wanawake tele wakipaka mikate siagi na kupiga soga. Malachy akamwita nje, akamweleza yote, kofia mkononi.

"Kumbe yuko hapo," Attracta akasema.

"Hukuwa unajua?"

"Nilikuwa kitandani, Malachy. Siku zile mama alikuwa haendi kumzika mwanawe. Mume wangu alirudi na matope viatuni, akanikataza kuuliza, mpaka naye akafa." Akamkazia macho. "Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Kila Jumapili baada ya misa unasimulia makaburi ya watu, nami nimesimama pale pale nasikiliza. Wangu hujamtaja hata siku moja."

Ukweli ni kwamba Malachy alikuwa amesahau, na hilo hakuthubutu kulitamka.

Attracta akavua aproni. "Twende ukanionyeshe, kabla hawajamleta Colm."

Wakapita katikati ya kijiji mchana kweupe, watu wakichungulia madirishani, Malachy akiburuta miguu nyuma yake. Walipofika langoni Attracta akasimama, akamngoja apite mbele.