Semolina ya LaVonne

Wiki ile mafundi wakitengeneza paa langu lililotobolewa na mvua ya mawe, nilihamia kwa dada yangu LaVonne, ng'ambo ya pili ya mji wetu wa Lewistown, na huko nikasingiziwa ulafi. Kila asubuhi alifungua kopo lake la semolina, zile chenga za ngano za kupikia uji, akachungulia ndani, kisha akanitazama tumbo.

"Barton, uji unaupika saa ngapi?"

"Sijaugusa, dada. Mimi ni mtu wa mayai."

"Basi kopo linavuja."

Mumewe Verlin alipaka mkate wake siagi bila kuinua macho. Ajabu, maana shemeji huyo hajui kunyamaza. Ana bunduki ya babu yake ya mwaka 1889, ile ya kukoki kwa kushusha na kurudisha wenzo ulio chini ya kifyatulio, na risasi hanunui. Anazijaza mwenyewe gereji, ganda moja moja: fataki ya kuwashia, baruti nyeusi, kichwa cha risasi alichokiyeyusha kwa mkono wake. Ukimchokoza atakueleza mpaka kahawa ipoe.

Jumamosi sisi watatu tulikwenda na klabu kulenga shabaha kwenye machimbo ya kokoto. Shabaha ilikuwa nyati wa chuma, umbali wa yadi mia mbili.

"Shemeji, weka mfukoni hizo risasi zako za dukani," Verlin aliniambia. "Leo utaona kazi ya mikono."

"Haya, mwalimu."

Alipiga nne. Kila mara wingu la moshi, kisha nyati akalia *ngeng!* Ya tano ikasema *pfu*, kama paka aliyepiga chafya.

"Simama! Wenzo usiuguse!" Bi Torvik, msimamizi wa klabu, alikuja mbio na miaka yake sabini na nne. "Kichwa kimekwama mtutuni. Ukipiga nyingine nyuma yake tutakuokota kwa kijiko!"

Alingoja kidogo, akaifungua bunduki mwenyewe. Ganda likatoka, na nyuma yake chembe nyeupe zikamwagika kwenye mkeka wa kulengea, pole pole. LaVonne akainama, akaziokota, akazisugua kati ya vidole.

"Verlin."

"Mke wangu, sikiliza. Baruti ikiwa kidogo, ganda halijai, na nafasi tupu haifai. Sasa wazee walikuwa wanaongezea juu kitu kidogo..."

"Uji wangu."

"Kijiko tu!"

"Na baruti iko wapi?"

Verlin alilichungulia ganda. Uso ukamwiva. "Alhamisi Barton alinisemesha katikati ya kazi, nikaisahau."

"Siku nne mmenifanya mwizi," nikasema, "na leo kosa ni langu tena?"

Bi Torvik alikitoa kichwa kwa fimbo ya shaba na nyundo, kisha akapiga marufuku sanduku zima la Verlin, kwa kuwa hakuna aliyejua zipi baruti na zipi kifungua kinywa. Nilimpa LaVonne bunduki yangu. Alipiga kumi, tisa zikampata nyati. Verlin, jicho kwenye darubini, alimpa mawaidha juu ya upepo ambayo hakuna aliyeyaomba.

Jumapili mchana nilimkuta gereji akifumua risasi arobaini na tano. LaVonne alivuta kiti, akaketi kando yake.

"Wewe soma mizani, mimi nimimine baruti," alimwambia. "Na ukiongea, tunaanza upya."

Verlin alikaza midomo. Alifika ganda la tatu tu, akaanza kueleza.