Siagi ya Kamanda

Tangu mkono wake wa kulia ulegee kwa kiharusi, mama hakuruhusiwa kugusa hata kijiko cha chumvi. Alikuwa ameangusha sufuria moja, moja tu, tena ya maji baridi, na binti yake akafunga jiko na kuuvaa ufunguo shingoni kama medali. "Pumzika, Mama," akasema. Pumzika! Mtu aliyepikia bweni zima la wanafunzi mpaka wakambandika jina la Kamanda, leo anaketishwa sebuleni kuletewa mkate uliokwisha kupakwa majarini. Na majarini yenyewe ya kopo, yenye ladha ya kopo.

Kamanda hakubishana. Alinuna kwa faida. Kila asubuhi alipoletewa kikombe cha maziwa yaliyochemshwa, aliyaacha yapoe, akaengua malai yaliyoganda juu kwa mkono wa kushoto na kuyatia kwenye chupa ya jemu. Friji ilikuwa pale pale sebuleni kwa kuwa jikoni haikuenea. Chupa ikakaa nyuma ya dawa zake, mahali ambapo hakuna mtu aliyependa kupachungulia.

Ilipofika nusu, aliibana mapajani, akakaza kifuniko, akajifunika shuka na kuanza kutikisa magoti.

Binti aliingia na nguo alizoanua, akaona shuka linatetemeka. Nguo zote chini.

"Mama! Na miguu nayo?"

"Niache, nina kazi."

Kazi! Binti aliposikia hivyo akaona sasa hata akili imeyumba. Akatoka mbio, akarudi akimkokota jirani yao muuguzi, ambaye hakuwa hata amemaliza kuvaa viatu. Muuguzi alifunua shuka. Chupa hiyo hapo, na magoti hayajasimama.

"Lete huku," binti akasema. "Yameshaharibika hayo, hata hayasogei."

Kweli malai yalikuwa yameacha kuchapa kioo. Yalikuwa mazito, kimya. Hapo ndipo wengi hukosea: yakinyamaza hudhani kazi imeshindikana, kumbe ndiyo inaiva.

"Ukiigusa chupa hii," Kamanda alisema huku jasho likimtiririka, "tutagombana mbele ya mgeni."

Akatikisa. Akatikisa tena, mapaja yakiwaka moto. Mara kitu kizito kikagonga kioo, na maziwa mepesi yakaanza kurukaruka kukizunguka.

Muuguzi akaangua kicheko. "Kumbe siagi!"

"Ulidhani degedege? Haya, binti yangu, fungua jiko."

"Nitakuletea bakuli hapa hapa, Mama."

"Siagi isipooshwa vizuri inachacha. Nataka meza yangu, na nataka kusimama. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa mgonjwa. Sikunyamaza kwa sababu nimekubali."

Binti akaushika ufunguo. "Naogopa, Mama. Ukiungua je?"

"Ogopa. Lakini ogopa mlango ukiwa wazi."

Mlango ulifunguliwa. Kamanda aliingia taratibu, akavuta harufu ya jiko lake. Maziwa mepesi akammiminia muuguzi kikombeni anywe. Bonge akalitia bakulini, akamwagia maji ya friji na kulikanda kwa mkono wa kushoto. Maji yakageuka meupe. Akayamwaga, akatia mengine, hivyo hivyo mpaka yakabaki maangavu. Akanyunyiza chumvi.

"Na mkono wa kulia?" muuguzi aliuliza, kwa mazoea ya kazi yake. "Hebu nibane vidole."

"Vidole vyako vina faida gani?" Akaliweka bonge kwenye kiganja kile kilicholegea, akakikodolea macho. Vidole vilifikiri kwanza. Kisha vikaanza kufunga, polepole, vikitetemeka, na matone ya maji yakatoka kwenye siagi. Vinne vilizama. Gumba lilibaki hewani likitafuta njia.

Akaiweka kwenye sahani, na mifereji yake minne. Binti, machozi yakimlenga, alichukua kisu ailainishe.

"Usiguse alama zangu."

Binti akaweka kisu chini. Akauvua ufunguo shingoni, akawa anatafuta pa kuutundika. Kamanda akanyoosha mkono wa kulia, bado una mafuta. Ulichelewa kufika, na binti akausubiri.