Mjane Asiyeamini Jehanamu

Ghala la Shemasi Gridley liliungua mchana kweupe, na mchana huo wote Levi Stoddard, aliyeshtakiwa kulichoma, alikuwa jikoni kwa jirani yake Tabitha Fenwick, mikono imezama kwenye maziwa hadi viwikoni, akimsaidia kutengeneza jibini. Tabitha akilisema hilo mahakamani, Levi atarudi kwa mkewe na wanawe. Asipolisema, ni jela miaka saba. Jambo jepesi, utadhani. Basi wewe hukuishi Connecticut, huko Marekani, mwaka wa 1827.

Huko shahidi hakuulizwa kama ni mkweli. Aliulizwa kama anaogopa kuchomwa. Asiyeamini kwamba Mungu atamwadhibu akifa hakuruhusiwa kula kiapo, na asiyeapa alikuwa sawa na benchi alilokalia. Tabitha, mjane wa miaka sitini ambaye hakuna aliyewahi kumnasa kwa uongo, alikuwa wa kanisa dogo la kule mtoni, linalofundisha kwamba mwisho wa yote Mungu atawaokoa watu wote, asibaki hata mmoja.

Shahidi wa Shemasi alikuwa Jabez Crouch, dalali wa farasi. Farasi wake walipona kilema siku ya mnada, wakachechemea tena kesho yake.

"Unaamini jehanamu?" jaji alimuuliza.

"Naiamini sana, mheshimiwa," alijibu Crouch, kama mtu aliyekwisha kupanga chumba huko. Akaapa, kisha akasema alimwona Levi akikimbia na kijinga cha moto.

Ikafika zamu ya Tabitha. Bwana Pell, wakili wa mashtaka, hakumuuliza kitu. Desturi yao ilikuwa kuwauliza majirani wamemsikia shahidi akisema nini. Akamwita Mehitabel Root, jirani mwingine wa Tabitha.

Mwaka uliopita Asa, mwana wa Mehitabel, alizama mtoni akiwa amelewa. Mchungaji alisimama mbele ya jeneza akamwambia mama mtu kwamba mlevi makao yake ni motoni. Mehitabel alikaa siku tatu bila kula. Tabitha ndiye aliyekwenda, akampikia uji wa mahindi, akamlisha kwa kijiko, akamwambia neno la kumfariji.

"Alikwambia nini, bibi?" aliuliza Pell.

"Bwana, naomba nisiseme."

"Umeapa mbele ya Mungu. Unataka kumfuata mwanao?"

Mehitabel alilia. "Alisema Asa hayuko motoni. Alisema hakuna mtu atakayeungua milele."

"Mmesikia wenyewe," alisema Pell. "Asiyeogopa moto atazuiwa na nini asidanganye?"

"Kwa hiyo wewe bila moto ungekuwa mwongo?" Tabitha alimuuliza. "Pole yake mkeo."

Nyuma wakacheka. Jaji hakucheka; alimwamuru ashuke. Hakuna aliyesikia habari ya jibini. Wanaume kumi na wawili wa baraza la kuamua kesi walitoka, wakarudi kabla kiko cha jaji hakijazimika, na Levi akafungwa miaka saba kwa neno la Crouch.

Uani, Crouch alimvulia Tabitha kofia. "Ungesema tu unaamini, mama. Ni neno moja."

"Kwani wewe unaamini?"

"Sijawahi kuwaza habari hiyo," alisema Crouch, akapanda farasi wake.

Kisha akaja Mehitabel, macho yamevimba. Akamshika Tabitha mkono, asiweze kuomba msamaha.

"Mwenzangu," alisema, "yale uliyoniambia ya Asa. Kwamba hakuna moto. Bado unayaamini?"

Tabitha alimtazama Crouch akienda zake, na Pell akipeana mikono na Shemasi. Chuki asiyopata kuijua ilimpanda kifuani. Kwa mara ya kwanza maishani alitaka moto uwepo, uwake sana, usizimike, na hawa waingizwe mmoja mmoja; imani ile ya wote kuokolewa ikamtoka.

"Nayaamini," alimwambia. "Asa yuko salama."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza siku hiyo, na hakuna aliyemtaka aape.