Mnyapara Chini ya Blanketi

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye, na wala hatumsingizii. Mwenyewe anakubali, tena kwa kicheko. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, amekaa chumbani kwake, juu ya kigoda chake, amejifunika blanketi lake mwenyewe, halafu anaomba ruhusa ya kukohoa.

Ilikuwa jioni, ametoka kazini. Mkewe aliweka sufuria ya majani yaliyochemka sakafuni, katikati ya miguu yake, akamfunika blanketi la kijivu lenye tundu la pasi na kulikandamiza pembeni mvuke usitoroke. Harufu ya kivumbasi na mchaichai ikampanda puani. Mwanga kidogo uliingia kwa lile tundu, na alipofumbua macho alimwona mnyapara wa kiwandani kwao amekaa upande wa pili wa sufuria, suruali ameikunja hadi magotini, filimbi shingoni, jasho linamtiririka kidevuni.

"Samahani, mkuu," akasema. "Sikujua kama upo."

Mnyapara akatazama saa yake. "Pumua kwa kasi. Wenzako wameshamaliza."

Na yule bwana akapumua kwa kasi. Kikohozi kilipombana akanyoosha mkono juu, kama wanavyofanya kiwandani mtu akitaka kwenda chooni. Mkono ukainua blanketi, mkewe akadhani anataka kutoroka dawa, akamkandamiza kichwa kikarudi chini. Aliporuhusiwa, akakohoa. Mkewe alisikia sauti mbili, akauliza kama mgeni naye atakula. Mnyapara akashukuru, akasema atakula kwake.

Kazi ya huyu bwana ni kushona kingo za magodoro. Sponji inakuja kwenye mkanda ikiwa imeshavikwa kitambaa juu na chini, naye anaizungusha kwenye cherehani akiifunga utepe pande zote, kona nne, inakwenda, inakuja nyingine. Zamani walikuwa watatu pale kwenye kingo. Mmoja mgongo ulimgomea, akaondolewa. Hakuletwa mwingine. Wakabaki wawili, yeye na mwanamke waliyemwita Mama Pacha, na mkanda, badala ya kupunguzwa mwendo, ukaongezwa. Meneja alieleza kwamba watu wawili hawana haja ya kusubiriana kama watatu.

Tangu hapo usingizi ukampa talaka. Anashona magodoro ya kulaliwa na watu asiowajua, yeye mwenyewe anakesha akihesabu boriti. Moyo ulimwenda mbio hata birika likipiga mluzi jikoni. Chakula alikuwa akikila kwa macho, kikapoa, kikaondolewa. Kuna asubuhi alikaa kitandani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, machozi yanamtoka, na ukimuuliza analia nini, hajui. Mkewe alichukua kile kiatu akamvisha kama mtoto wa chekechea, akakifunga na kamba zake. Nesi wa kiwanda alimpa vidonge vya kichwa na kumshauri anywe maji mengi. Akanywa. Ruhusa ya kwenda kuyatoa hakupata.

Ndipo shangazi yake alipoingilia. Shangazi huyu, dada wa baba yake, alikaa chumba cha uani na alikuwa ameotesha majani ya kila aina kwenye makopo ya rangi yaliyotupwa na wapaka nyumba. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko majani yake. Alimwambia mapema kwamba mvuke ule utamlegeza kifua na huenda ukamletea usingizi, lakini hauwezi kuusimamisha mkanda, asije akamdai.

Jioni ile alipoelezwa kwamba mnyapara alikuwemo ndani ya blanketi, shangazi aliuliza kwanza kama alivua viatu. Akaambiwa alivua. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika na adabu hiyo. Lakini aliposikia habari ya kuomba ruhusa, aliweka kikombe chini.

"Baba yako alikuwa na makosa yake," akasema, "lakini kikohozi chake hakumwomba mtu."

"Nilishtuka, shangazi."

"Ulishtuka nini? Huyo hakuja na majani. Amekukalia kifuani siku zote hizi. Leo umemwona alipokaa, badala ya kumuuliza anatafuta nini, unampa samahani."

Kesho yake mnyapara aliingia kazini na kola mbichi, ananuka kivumbasi mwili mzima. Hakumtazama mshona kingo machoni. Alipiga filimbi, mkanda ukaanza. Kuzungumza kulikatazwa, ila Mama Pacha alikuwa bingwa wa kusema bila kutikisa midomo.

"Kwako alikaa upande gani?" akauliza, macho kwenye utepe.

"Wa ukutani."

"Kwangu anapenda mlangoni. Juzi kaniomba mafuta ya kujipaka, ati mvuke unamkausha ngozi."

Kumbe Mama Pacha naye alikuwa akijifukiza kwa ajili ya roho yake iliyokuwa juu juu, na mkata sponji, na wanawake wanne wa kufunga mifuko. Wote walikuwa wakimkuta mnyapara. Mkata sponji, jitu la miraba minne, alilalamika kwamba mnyapara anajinafasi mno, yeye mwenye nyumba anabaki na goti moja tu ndani. Namna gani mtu mmoja alikaa chini ya mablanketi yote hayo jioni moja, hakuna aliyeuliza. Mchana kiwandani pia alikuwa kila mahali kwa wakati mmoja, na hilo walishalizoea.

Jioni ya pili mshona kingo alipiga moyo konde. Mnyapara alipomwambia apumue kwa kasi, yeye akavuta pumzi taratibu, akaikalisha kifuani, akaiachia ilipochoka kukaa. Mnyapara akarudia amri. Mshona kingo akamwambia kwamba humu ndani hamna mkanda, hiki ni kigoda chake na hili ni blanketi la harusi yake, na kama bwana mkubwa amekuja, basi akae atoke jasho kama watu wengine. Aliyasema yote bila kunyoosha mkono juu. Mnyapara akakaa. Alipotoka nje ya blanketi, mshona kingo alikula sahani nzima, akalala mpaka jogoo wa jirani akachoka kuwika.

Tusidanganyane: hakupona siku hiyo. Kuna asubuhi kiatu kilirudi kuwa kizito, na kuna siku alirudi nyumbani akapita mlango wake bila kuuona. Ila ilikuwapo sasa saa moja katika siku ambayo kifua chake kilikuwa chake. Habari ikaenea. Makopo ya shangazi yakabaki vijiti vitupu, akaotesha mengine. Kila jioni, nyumba baada ya nyumba, masufuria yalichemka na mnyapara akatokwa na jasho, mpaka akaanza kukonda. Mashavu yakaingia ndani. Suruali aliifunga kiunoni kwa utepe wa magodoro, na Mama Pacha ndiye aliyempimia, maana nguo ya mtu ikianguka kazini ni aibu ya wote.

Meneja hakupendezwa. Kwenye spika ya kiwanda lilisomwa tangazo kwamba baadhi ya wafanyakazi wanamtumia mnyapara baada ya saa za kazi, majumbani mwao, kwa shughuli zao binafsi, bila kibali. Kuanzia siku hiyo mlinzi wa getini alipewa kazi ya kunusa vichwa. Aliinusa mistari mizima ya watu asubuhi, akasema kwa haki kabisa kwamba wote wananuka, ila mshona kingo amezidi.

Akaitwa juu, ofisini kwa meneja, chumba chenye ukuta wa kioo unaotazama mkanda wote kuanzia sponji hadi mifuko. Meneja alikuwa mtu wa sauti ya chini, asiyegombana na mtu. Alimpa kiti. Alisema kiwanda kinawajali watu wake na hakitaki ugomvi. Alichokitaka ni kitu kidogo: kesho asubuhi, kabla ya kengele, mshona kingo asimame kwenye kipaza sauti awaambie wenzake kwamba hofu yake aliitoa nyumbani, kwamba mkewe na shangazi yake ndio waliomvuruga kwa kelele na majani, na kwamba mkanda hauna kosa. Akifanya hivyo atahamishiwa stoo ya magodoro yaliyokamilika. Huko kuna kiti, kuna dirisha, na filimbi haisikiki. Asipofanya, cherehani yake itapewa mwingine kengele ikilia. Akaambiwa akalale akilifikiria.

Alimweleza mkewe akiwa anakunja nguo. Mkewe alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. Walikuwa wawili wa kulisha watoto watatu na shangazi, na kazi ya mkewe ya kusuka vichwa vya watu ilikuwa ya kubahatisha. Alikuwa anakijua kile kiti cha stoo kabla hajakiona. Alikuwa anajua pia mumewe alivyokuwa mwezi uliopita.

"Kaseme, kama utaweza," akasema mwishowe. "Lakini ukirudi utueleze, kati yangu na shangazi yako, nani anayeendesha mkanda."

Akaenda kuchemsha maji.

Chini ya blanketi mnyapara alikuwa ameshafika. Hakusema kasi. Aliomba tu sufuria isogezwe kidogo, goti linamuungua, na mshona kingo akaisogeza. Mvuke ukapita kati yao, watu wawili wazima. Mshona kingo akamuuliza kama ni kweli stoo kuna kiti.

"Kipo," mnyapara akasema. "Kizuri, cha mto. Niliahidiwa mimi kwanza."

"Ukakikosa?"

"Nikapewa filimbi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kasi si yangu, ndugu yangu. Mimi naitangaza tu. Inaamuliwa kule juu, kwenye kioo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita ndugu yake. Mshona kingo alilipima neno hilo, akaona halina ubaya, akampisha nafasi zaidi kidogo. Wakapumua taratibu mpaka maji yakapoa.

Asubuhi alivaa viatu vyote viwili bila kusaidiwa. Hilo halikumaanisha kwamba hakuwa na hofu. Hofu ilikuwapo, imejaa tele, lakini leo alikuwa anajua inatoka wapi, na mtu akishajua mvua inakotokea anaweza angalau kuipa mgongo. Mlinzi alimnusa kichwa, akapiga chafya, akamfungulia.

Ofisini meneja alikuwa ameshawasha kipaza sauti. Chini, upande wa pili wa kioo, wafanyakazi wote walikuwa wamesimama kwenye nafasi zao, vichwa juu, wakisubiri. Mama Pacha alikuwa peke yake kwenye kingo. Mnyapara alikuwa mlangoni, ameshika suruali yake kwa mkono mmoja, maana hata utepe sasa ulikuwa umelegea.

Mshona kingo aliinama kwenye kipaza sauti. Akasema hofu yake hakuitoa nyumbani. Akasema anaijua ilipozaliwa, kwa sababu alikuwapo siku inazaliwa: ni siku ile walipoondoa mtu mmoja wakaongeza mwendo. Akasema mke wake ndiye aliyemvisha kiatu. Alitaka kuendelea, lakini meneja alishazima kitufe, na maneno ya shangazi na majani yake yakabaki humo humo ofisini.

Kengele ikalia. Mkanda ukaanza kutembea, mwendo ule ule wa jana, wala si pungufu hata kidogo. Magodoro yakaanza kumwagika kwenye kingo na Mama Pacha akayapokea, mikono yake miwili ikifanya kazi ya mikono sita. Hakuna aliyegoma na hakuna aliyepiga kelele. Mkata sponji alitazama juu mara moja, akarudi kwenye sponji zake.

Meneja hakukasirika. Alimwambia, kwa sauti yake ile ya chini, kwamba amesikitika, kwamba kila mtu duniani ana hofu zake na wengine wanazibeba kimya kimya. Akamwonyesha mnyapara kama mfano. Mnyapara akatazama sakafu. Mshona kingo alikuwa ameshavua koti la kazi, akalikunja kama mkewe anavyokunja, akaliweka mezani na kushika njia.

Meneja akamsimamisha mlangoni. Alitaka jambo hilo limalizike vizuri, lisibaki na mkia.

"Na huyu nimemkataza," akasema, akimnyooshea mnyapara kidole. "Kuanzia leo haruhusiwi kukaa chini ya blanketi la mtu yeyote. Sasa hayo majani yako utayachemsha ya nini? Huko chini utamkuta nani?"

"Wewe, bosi," mshona kingo akamwambia. "Tunaanza saa moja jioni. Usichelewe."